Ni Tairi Tu, Jamani

Kila anayetaka kuinenepesha pikapu yake ndogo huanza na kauli ileile: "Nabadilisha tairi tu." Hiyo "tu" jamani! Herufi mbili, lakini ndiyo inayokuja kukata madigadi, kudai nati mpya na kukufanya uitazame geji ya mafuta kama mdaiwa anayesikia hodi.

Hesabu kwanza, maana ndiyo inayokimbiwa. Ubavuni mwa tairi pameandikwa 205/70R14. Hiyo 205 ni upana kwa milimita, 70 ni kimo cha ubavu kwa asilimia ya upana huo, na 14 ni inchi za ringi. Zidisha 205 kwa 0.7 upate 143.5. Ubavu uko juu na chini, kwa hiyo mara mbili, kisha jumlisha ringi, milimita 355.6. Kipenyo ni kama milimita 643. Sasa mwenzetu kaiona 235/75R15, moyo umemwenda mbio. Hiyo ni kama milimita 734, yaani 91 zaidi, asilimia 14. Anadhani gari litapanda sentimita tisa. Thubutu! Ekseli hukaa katikati ya gurudumu, kwa hiyo gari linapanda nusu tu, sentimita nne na nusu. Nusu ya pili imekwenda juu kutafuta ugomvi na madigadi.

Na spidomita haina habari. Yenyewe inahesabu mizunguko, viatu vipya haivioni. Ikisoma 80, wewe uko 91, na askari wa barabarani hana muda wa kusikiliza asilimia. Odometa nayo inakupunja: kilomita 100 inaandika 88 hivi. Ndiyo maana watu wakipiga hesabu ya mafuta wanashika kichwa. Zidisha kwanza hizo kilomita kwa 1.14, kisha ushike kichwa kwa kiasi kinachostahili. Kilio kinachobaki ni cha kweli, kwa kuwa tairi ni zito, pana, na linasukumana na upepo.

Injini ndiyo ya kuhurumiwa. Difu ya 4.10, yaani shafti inazunguka mara 4.10 kwa mzunguko mmoja wa gurudumu, sasa inafanya kazi kama 3.59. Gia ya tano inageuka pambo, kilima kilichopandwa kwa tatu kinadai mbili, na ukiondoka na mzigo klachi inaanza kutoa harufu. Breki ni zilezile za zamani, ila sasa zinashika gurudumu zito lenye mkono mrefu zaidi wa kuzishinda nguvu.

Tuje kwenye ringi, maana hapa ndipo watu hununua kwa macho. Stadi tano, yaani boliti zinazoshika ringi, kwenye duara la milimita 114.3 na stadi tano kwenye 120 zinafanana kama pacha, lakini hazivaliani. Pima, usilazimishe. Tundu la katikati likiwa dogo kuliko habu, kile kitovu ringi inapokaa, ringi haiingii. Likipwaya, ringi inakosa mhimili na usukani unatetemeka. Nati pia zina tabia zao. Ya koni inataka kikalio cha koni, na ya bapa yenye kola inataka bapa. Ukizichanganya inagusa kwa ukingo mwembamba, inalegea njiani, na wewe unasikia kilio cha ajabu ukidhani ni beringi. Kaza kwa mtindo wa nyota, kwa nguvu iliyotajwa kwenye kitabu cha gari, na urudie baada ya kilomita 100 hivi.

Kisha ofseti, yaani milimita kutoka katikati ya upana wa ringi hadi pale inapogusana na habu. Ringi ya ofseti 30 ukiibadili kwa ya sifuri, gurudumu linatoka nje milimita 30. Kwa nyuma gari linaonekana limepanua kifua, safi kabisa. Kwa mbele, ukikata kona, ukingo wa nje wa tairi unachora duara kubwa zaidi na kukutana na bampa au nyuma ya madigadi. Beringi zinaelemewa, tope linarukia milango.

Kosa kubwa ni kupima gari likiwa limesimama tambarare, magurudumu yamenyooka. Hapo halikwaruzi hata kidogo! Funga gurudumu la mbele, shusha jeki, zungusha usukani hadi mwisho pande zote. Kisha pandisha gurudumu hilo kwenye ngazi imara ya kupandishia gari ili springi ibanwe, uzungushe tena, mbele na kwa rivasi. Nyuma pakia mzigo, kwa sababu springi za pikapu tupu ni waongo. Bandika udongo laini wa kuchezea watoto panapotia shaka. Ukikuta umebonyezwa, jibu umepata. Acha nafasi ya milimita 25 hivi kati ya tairi na bodi. Plastiki ya ndani ipashe moto uisukume, mpira wa tope urudishe nyuma, ukingo wa bati ukiukata upake rangi siku hiyohiyo, kutu haisubiri. Mpira wa breki ukiguswa na tairi, gari lisiende popote.

Hapo anajitokeza mshauri: "Kaza tosheni baa tu," ile fimbo ya chuma inayojisokota kama springi ya mbele. Tu nyingine hiyo! Kukaza kunainua gari, ndiyo, lakini hakuhamishi kituo cha springi, yaani pale inapogota ikibanwa hadi mwisho. Ukigonga shimo kubwa tairi linafika palepale lilipokwaruza. Umepata nini? Springi isiyoshuka vya kutosha, joinzi za ekseli za mbele zilizopinda, na alaimenti, yaani mnyooko wa magurudumu, iliyoharibika, tairi jipya likaliwa upande mmoja.

Soma pia namba ya mzigo. 97 ni kilo 730 kwa tairi moja, 106 ni kilo 950. Tairi likiwa na sura ya trekta lakini likabeba kidogo kuliko la zamani, umenunua sura.

Halafu spea. Manne mapya yamefungwa, na la tano bado ni 205/70R14 linaning'inia chini ya bodi. Likifungwa nyuma, difu inazunguka muda wote kama gari liko konani. Ukiweka na foo-wili, magurudumu yote manne yakivuta, kwenye lami, boksi la gia linapigana lenyewe. Jipya nalo halienei pale, linagonga ekzosi. Na jeki iliyokuja na gari imekuwa fupi kwa sentimita nne na nusu. Tafuta kipande cha mbao ngumu, kipana, unene sentimita tano, ukae nacho nyuma ya siti. Si umebadilisha tairi tu?