Manjano kwa chunusi: kosa si la manjano

Muuza viungo pale soko la Mwanjelwa, Mbeya, atakwambia manjano yanamaliza chunusi. Kwenye duka la dawa la jirani utaambiwa huo ni ushamba, chukua krimu. Jibu la pili linasikika la kitaalamu zaidi, lakini nalo limeruka ushahidi.

Ushahidi upo, ingawa ni mwembamba. Mapitio yaliyochapishwa mwaka 2016 yalikusanya tafiti 18 za manjano na kurkumini, kiini chake cha njano, kwa magonjwa ya ngozi. Kumi kati yake zilionyesha nafuu ya kweli kuliko kundi la kulinganisha. Chunusi zilikuwa sehemu ndogo tu ya tafiti hizo. Nyingine zilihusu soriasisi (ugonjwa wa magamba kwenye ngozi) na maradhi mengine. Katika maabara, kurkumini huua bakteria wa chunusi, Cutibacterium acnes, na hutuliza uvimbe. Ila maabara hutumia kurkumini iliyochujwa na kuyeyushwa. Unga wa jikoni una takribani asilimia 3 tu, na kwa kuwa kurkumini haiyeyuki kwenye maji, ukikoroga unga na maji sehemu kubwa inakaa juu ya ngozi kama chembe, kisha inaoshwa.

Kwa hiyo tegemea msaada mdogo, kwa chunusi chache nyekundu. Kwa vichwa vyeusi visivyo na uvimbe, usiyategemee.

Sasa lile shtaka kubwa, kwamba manjano huunguza uso na kuacha madoa. Wapo wachache ambao ngozi yao huyakataa kweli, huwasha na kuvimba. Lakini soma mapishi yanayozunguka kwenye simu: manjano na kijiko cha limao au ndimu. Ngozi ina asidi ya pH (kipimo cha ukali wa asidi) karibu 5, limao lina pH karibu 2, na kila namba ukishuka asidi huzidi mara 10. Hapo umepaka kitu chenye asidi mara elfu moja kuliko ngozi, tena juu ya kipele kilichotumbuliwa. Maji ya ndimu yana tatizo la ziada: yakikutana na jua huunguza ngozi na kuacha alama nyeusi za miezi. Mbeya mjini ni takribani mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na miale ya urujuanimno, ile ya jua isiyoonekana inayounguza ngozi, huongezeka kwa karibu asilimia 10 kila mita 1,000. Baridi ya Juni inamdanganya mtu kwamba hakuna jua, anatoka na ndimu usoni saa nne asubuhi. Madoa yakitokea, anayelaumiwa ni manjano.

Anayetaka kuyatumia afanye hivi. Nunua mzizi mzima mbichi. Unga wa manjano wa pakiti unaweza kuwa umechanganywa, na Bangladesh mwaka 2019 watafiti walibaini rangi yenye risasi, madini ya sumu, ikiongezwa kwenye mizizi mikavu ya manjano ili ing'ae. Menya, kwaruza robo kijiko cha chai, changanya na kijiko kimoja cha chakula cha mtindi usio na sukari. Jaribu kwanza ndani ya kiwiko, subiri siku mbili. Usoni acha dakika 10 hadi 15, osha kabla hayajakauka na kukaza, kwa maji ya uvuguvugu. Mara mbili kwa wiki zinatosha. Usihukumu kabla ya wiki 8, wala usipige picha ya kulinganisha uso ukiwa bado na njano, maana rangi hiyo hufunika alama.

Upande wa krimu una hoja nzito, na ni haki kuisema: benzoili peroksaidi, dawa ya chunusi ya kupaka, imepimwa vizuri kuliko kiungo chochote cha jikoni. Asilimia 2.5 hufanya kazi sawa na 10 na huwasha kidogo, ingawa hupausha mashuka. Tatizo ni kwamba mteja akiomba krimu ya chunusi anaweza kupewa ya kung'arisha yenye steroidi (dawa kali ya kutuliza uvimbe) kama klobetasoli. Uso unatulia haraka, kisha akiacha chunusi zinarudi nyingi zaidi. Ukilinganisha na hiyo, mtindi na manjano ni salama zaidi.

Vivimbe vikubwa vya ndani vinavyouma, au vinavyoacha mashimo, visisubiri wiki hizo 8. Hivyo vinahitaji daktari wa ngozi mapema, kabla kovu halijajengeka.