Nilimwita supavaiza wangu tapeli

Kwanza mjue kipindi hicho bumu, ile hela ya kujikimu ya mkopo, lilikuwa limechelewa. Aliyesoma chuo Bongo anaijua ile wiki, rumu nzima mnagawana chapati moja, mtu akifungua zipu ya begi tu wote mnageuka. Sasa hapo ndo imeili inaingia, juu imeandikwa Ofisi ya Mikopo, ndani inasema mpendwa mwanafunzi hakiki taarifa zako ndani ya masaa 24 la sivyo fedha zako zinarudishwa. Zinarudishwa wapi, hata sikuuliza. Nikabonyeza linki kabla sijamaliza kusoma.

Ukurasa ukafunguka ule ule wa chuo, nembo ipo, imevutika kidogo kama imekaliwa lakini nikasema labda ni simu yangu, kioo chenyewe kina ufa. Nikaweka paswadi. Ikasema umekosea. Nikarudia, umekosea. Basi mimi mtoto wa watu nikaanza kujaribu zote ninazozijua, ya Instagram, ya Gmail, hadi ile ya zamani ya Facebook yenye jina la eks, yaani nilikaa dakika kumi nzima namkabidhi mwizi funguo moja moja na kila nikimpa anasema siyo hii, lete nyingine.

Kesho yake CR, kiongozi wa darasa letu, ambaye namba za usajili za darasa zima anazo kichwani, ananiuliza we mbona unatutumia mambo ya mikopo, umeajiriwa lini? Kumbe akaunti yangu usiku kucha ilikuwa kazini. Wanafunzi wametumiwa ya mikopo, walimu wametumiwa ya malimbikizo ya mishahara, huyo mwizi anaijua nchi hii vizuri. Na waliojibu kushangaa sikuwaona, maana alishaweka ruli majibu yote yaende kwenye takataka moja kwa moja. Ana mpangilio kuliko mimi.

Nikakimbilia ICT, kitengo cha kompyuta cha chuo. Jamaa wa pale hakunigombeza, aliniangalia kwa huruma tu, ambayo ni mbaya zaidi. Akaifunga akaunti, akachukua simu yangu, akakandamiza kidole kwenye linki bila kuachia, anwani ikatokea. "Soma mwisho wake. Vyuo vya hapa vinaishia nukta ac nukta tz. Hii je?" Nikasoma: ac, kistari, tz, halafu nukta com. Kistari jamani! Akasema badilisha paswadi zote ulizomwaga, washa na ile ya kuthibitisha kwa namba ya siri inayokuja kwenye simu, halafu ukiona imeili ina haraka haraka, haikutaji jina, anwani siyo ya chuo, usibonyeze, usijibu, uliza kwanza.

Somo likaingia, tena likapitiliza.

Wiki mbili mbele nafungua Gmail, ya chuo nilikuwa bado naiogopa, nakuta imeili. Anwani ya ajabu, vijina viwili na namba kama za gari. Salamu hakuna. Herufi kubwa tupu: RIPOTI YA FILDI MWISHO LEO SAA 10 USIPOTUMA UNAPATA SAPU. Yaani mtihani wa marudio. Chini kuna faili linaitwa doc1. Nikacheka peke yangu. Dalili zote! Nikamwita rumeti, nikamfundisha mwanzo mwisho kama nalipwa, kisha nikajibu, hapo lile la "usijibu" limeshanitoka kichwani: "Wewe tapeli tafuta kazi ya kufanya, mtu mzima huoni aibu kutishia watoto wa masikini? Umenikosa." Nikalala usingizi mnono kabisa.

Asubuhi CR anapiga simu. "Dokta, supavaiza wako wa fildi, anakutafuta. Anasema mwambieni tapeli anamsubiri ofisini."

Nilipofika nikabaki mlangoni. "Shikamoo dokta."

"Marahaba. Kaa."

"Dokta naomba unisamehe, ile imeili haikuwa na anwani ya chuo ndo maana mimi..."

"Najua haikuwa ya chuo. Ya chuo wamenifungia, wiki ya pili hii. Kuna imeili ilikuja, juu imeandikwa Uhasibu, habari za malimbikizo, nikahakiki." Akavua miwani, akaifuta taratibu na ncha ya shati. "ICT wakanionyesha kumbe chini ni anwani ya mwanafunzi. Mwanafunzi! Lakini nitampata tu, si imeili zenu zinaandikwa kwa rejisho namba? Nimeichapisha, hiyo hapo."

Karatasi ilikuwa mezani kabisa, imekunjwa nusu, juu yake kaweka kikombe cha chai. Nikaangalia feni. Nikaangalia kalenda ya mwaka juzi ukutani.

"Pole sana dokta."

"Asante. Haya, ripoti lete kesho, kijana mwenye tahadhari namna hii siwezi kumpa sapu." Akavuta fomu yangu ya fildi, akasogeza kikombe pembeni, akachukua kalamu. "Nitajie rejisho namba yako."