Saa ya Mkononi na Saa za Kazi

Walimu wa West Virginia, Marekani, walipogoma Februari 2018, wengi walilichukua kama suala la mshahara tu. Mshahara ulikuwemo, na mwisho waliongezewa asilimia 5. Ila kilichowachoma mapema ni bima yao ya afya kuwataka wajiunge na programu ya Go365, wakusanye pointi kwa hatua walizotembea na mazoezi waliyofanya. Asiyetimiza angelipa dola 25 zaidi kila mwezi, na gharama za matibabu anazobeba mwenyewe kabla bima haijaanza kulipa zingepanda kwa dola 500. Walikataa, na ulazima huo ukaondolewa.

Wapo waliowaona wavivu. Kutembea kuna ubaya gani? Swali hilo nalisikia hata hapa Dar es Salaam, kampuni inapowagawia wafanyakazi saa janja, zile za mkononi zinazohesabu hatua na kupima usingizi, na mmoja wao akaitupia kwenye droo. Mimi naona huyo wa droo hajaeleweka.

Faida za saa hizi zipo, wala sizibezi. Utafiti wa moyo wa Chuo Kikuu cha Stanford uliotumia saa za Apple ulihusisha watu zaidi ya 400,000, na baadhi ya walioonywa kuwa mapigo yao hayaendi sawa walikutwa kweli na tatizo lililokuwa limejificha. Mtu akijinunulia yake, akaona usingizi umepungua, akaamua kulala mapema, amejitendea haki.

Lakini kuna takwimu ambayo tangu niisome haijanitoka kichwani. Mwaka 2021, Shirika la Afya Duniani (WHO) na Shirika la Kazi Duniani (ILO) walikadiria kuwa mwaka 2016 watu 745,000 walifariki kwa kiharusi na maradhi ya moyo yaliyotokana na kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki. Saa 55 si maajabu. Ni kuingia saa 2 asubuhi na kutoka saa 1 usiku, siku 5, chakula cha mchana ukilia mezani pako. Hatari ya kiharusi kwa mtu huyo ni kubwa kwa asilimia 35 kuliko kwa anayefanya saa 35 hadi 40. Na haya ndiyo maradhi ambayo tunaambiwa saa ya mkononi itatusaidia kuyakwepa! Je, ni waajiri wangapi wanaogawa saa hizo wamewahi kuzihesabu hizo 55? Saa inajua umelala kwa saa 4. Haijui ni nani aliyekupigia saa 5 usiku akitaka ripoti. Tatizo lililoanzia ofisini linamrudia mfanyakazi kama udhaifu wake: hukutembea, hukulala.

Jirani yangu ni mhasibu. Saa 3 usiku, viatu vya kazini bado viko miguuni, anakwenda na kurudi kati ya tangi la maji na geti, anatafuta hatua 10,000 kwa sababu idara yao inashindana na nyingine. Mwanawe amekaa kizingitini na daftari la hesabu, anamsubiri. Na hiyo 10,000 yenyewe haikutoka kwa daktari. Ilivuma kutokana na jina la kifaa cha kuhesabu hatua kilichouzwa Japani mwaka 1965.

Watetezi husema ni hiari. Hiari gani kwa mtu mwenye mkataba wa mwaka mmoja? Wasimamizi wa ulinzi wa data barani Ulaya walishaeleza mwaka 2017 kwamba mwajiri asizione data hizi hata mfanyakazi akikubali, kwani ni vigumu kukubali kwa uhuru mbele ya anayekulipa. Sheria ya Tanzania ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inaziita taarifa za afya kuwa nyeti na kudai ridhaa ya maandishi. Ni jambo jema, lakini karatasi ya ridhaa ikija pamoja na mkataba wa ajira, nani ataiacha bila sahihi?

Mwajiri anayetaka kugawa saa agawe, data zibaki kwa mvaaji. Yeye ahesabu kilicho chini ya uwezo wake: taa za ofisi zinazimwa saa ngapi, na simu ngapi anawapigia watu wake baada ya hapo.