Hela ya umma, swali la kampuni

Watu wengi wanaofuatilia sayansi huku kwetu, hata wale ambao maabara zao zinaishi kwa hela ya Ulaya, hawajui kwamba kuna fungu zima la hela hiyo ambalo maswali yake ya utafiti hayaandikwi na profesa wala na ofisa wa serikali, yanaandikwa na kampuni. Na sio siri wala rushwa, iko kwenye sheria kabisa, ndo maana inanikera zaidi.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Ulaya iliona inaachwa na Marekani kwenye teknolojia, wakaona basi wenye viwanda wakae mezani wapange utafiti uelekee wapi. Watu wa ndege wakatangulia 2001 na baraza lao la ACARE, wakafuata wa chipu, wa hidrojeni, wa dawa, kila kundi likaandika ajenda yake, na ajenda ikishaandikwa si inaomba bajeti? Kwenye mpango wa utafiti wa 2007 hadi 2013 Umoja wa Ulaya ukaanzisha taasisi tano za ubia na viwanda: Clean Sky ya ndege, ENIAC na ARTEMIS za elektroniki, moja ya hidrojeni, na Innovative Medicines Initiative ya dawa, kwa kifupi IMI. Novemba 2021 sheria moja ikaanzisha taasisi tisa kwa mpigo, na hela ya umma iliyotengwa humo ni karibu euro bilioni 10. Ukiona vyaelea ujue vimeundwa, na hivi viliundwa kwa miaka 20.

Mimi nayoifuatilia zaidi ni ya dawa. IMI ilianza 2008 na bajeti ya euro bilioni 2, nusu kutoka Umoja wa Ulaya na nusu kutoka EFPIA, ambalo ni shirikisho la makampuni ya dawa. Bilioni moja kwa bilioni moja, sawa kwa sawa, unasema hapo haki ipo. Ila ya Umoja wa Ulaya ni hela, ya makampuni kwa sehemu kubwa ni muda wa watafiti wao, maabara, data na sampuli, vimepigiwa hesabu vikawa euro. Ni kama kamati ya harusi, wewe umetoa laki tano keshi, mwenzio anasema mimi nitaleta gari langu na spika zangu, andikeni laki tano, halafu kwenye kikao cha menyu yeye ndo anaongea wa kwanza.

Na menyu ndo kila kitu. Angalia ilivyokuwa inakwenda: kampuni kadhaa za EFPIA zinakaa zinaandika mada, tuseme wanataka njia bora ya kupima kama dawa itaharibu ini, wanaandika wanataka nini na wao wataleta nini, mada inapita kwenye bodi ambayo kura nusu ni za Tume ya Ulaya, yaani mkono wa utendaji wa Umoja wa Ulaya, na nusu ni za EFPIA, inatangazwa. Vyuo vikuu vinashindana kuleta maandiko, mshindi anapatikana, halafu huyo mshindi anakaa na zile kampuni zilizoandika mada wanaandika pamoja andiko kamili. Nchi wanachama zina kamati yao, inaombwa ushauri, inashauri, kura haina. Kwa hiyo profesa anayefika pale anashindania kujibu swali, ila swali lenyewe alishalikuta mezani.

Kusema ukweli wale wanaopiga kelele kwamba makampuni makubwa yanakula hela ya umma hapa wanakosea, kwenye IMI kampuni za EFPIA hazikupokea hela ya Umoja wa Ulaya, ilikwenda vyuoni na kwa kampuni ndogo. Mimi shida yangu ni kwamba swali lisilo na soko halifiki hata kwenye karatasi, halikataliwi na mtu, halina tu wa kuliandika.

Mrithi wa IMI anaitwa Innovative Health Initiative, bajeti yake euro bilioni 2.4, nusu hela ya umma, na wanasema sasa hivi mtu yeyote anaruhusiwa kupeleka wazo. Safi. Ila soma masharti, asilimia 45 ya gharama za mradi lazima zitoke kwa viwanda na washirika wengine wanaochangia. Yaani wazo lako zuri la kichocho linapokelewa kwa mikono miwili halafu unaambiwa katafute nani wa kubeba asilimia 45. Utampata wapi?

Mei 2020, katikati ya korona, Corporate Europe Observatory, kikundi kinachofuatilia ushawishi wa makampuni huko Brussels, walitoa ripoti iliyozua mjadala mkubwa, na gazeti la Guardian la Uingereza likaiandika. Walionyesha kwamba 2017 Tume ya Ulaya ilipendekeza IMI ifanye kazi ya kuharakisha chanjo za vimelea hatari kabla mlipuko haujatokea, na upande wa makampuni ukakataa. IMI walijitetea kwamba magonjwa ya kuambukiza ni kipaumbele chao tangu mwanzo, wakataja mradi wa ZAPI wa 2015 uliogusa MERS, ambayo ni ndugu wa korona, na homa ya Bonde la Ufa pia, ile inayoua mifugo yetu. Utetezi wenye haki yake. Ila mwenye hela kapendekeza jambo, mbia kasema hapana, na jambo likaishia hapo, hilo halijibiwi kwa kutaja mradi mwingine.

Na Ebola je? Hapa lazima niwe muungwana. Ebola iligunduliwa Yambuku, Kongo, 1976, na IMI waliingiza hela 2014 baada ya Afrika Magharibi kuwaka moto, ila walipoingia waliingia kweli, zaidi ya euro milioni 200. Chanjo ya kampuni ya dawa ya Janssen ilijaribiwa Nairobi, Entebbe, na hapa kwetu Mwanza, ikapata kibali cha Ulaya Julai 2020, na Rwanda zaidi ya watu laki mbili walichanjwa, wengi wa Rubavu na Rusizi mpakani na Kongo. Ubia wa namna hii ukiamua unaweza. Ila chanjo yenyewe ni dozi mbili kwa kupishana wiki kama 8, inafaa kukinga watu mapema, sio kuzima moto uliokwisha kuwaka. Maana yake ilihitaji mtu wa kulitaka swali hilo kabla ya mlipuko, na kabla ya 2014 kwenye meza ya IMI hakuwepo.

Halafu katika zile taasisi tisa za 2021 kuna moja imekaa tofauti, Global Health EDCTP3, ya malaria, kifua kikuu na magonjwa yaliyosahaulika, ambayo mbia wa Umoja wa Ulaya ni chama cha nchi za Ulaya na Afrika, Tanzania na Uganda zikiwemo. Humo kampuni inakaribishwa kuchangia lakini sio yenye kalamu. Umoja wa Ulaya umeweka hadi euro milioni 800. Haina mbwembwe, urasimu upo, lakini ukisoma mada zake unakutana na magonjwa unayoyajua kwa majina.

Sasa Julai 2025 Tume imependekeza euro bilioni 175 kwa mpango wa utafiti wa 2028 hadi 2034, na upepo wa Brussels ni ushindani, ushindani, ushindani, tangu ripoti ya 2024 ya Mario Draghi, waziri mkuu wa zamani wa Italia, kuhusu ushindani wa Ulaya, kila mtu anaongea hivyo. Ubia wa viwanda hauendi popote na mimi sidai ufutwe. Nadai Tume iwe na fungu la mada ambazo inaweza kuzitangaza bila kibali cha mbia, na sharti la 45 lisiguse mada hizo kabisa. Watasema makampuni yatasusa, lakini hela ya kwenye meza ile ni ya walipa kodi, anayesusa ataacha mabilioni ya wenzake, na sijawahi kuona shirikisho la viwanda likifanya kosa hilo.