Peremende za Ohio, mkono wa Idi wa Mombasa

Halloween ya mwaka huu, Jumamosi ya tarehe 31 Oktoba 2020, imenifanya niwapende zaidi majirani zangu wa hapa Columbus, Ohio. Ni jioni ambayo watoto hujigeuza mizuka na mashujaa, wakapita mlango kwa mlango kuomba peremende. Wapo Waswahili wenzangu wasioitaka kabisa kwa sababu za dini, na sibishani nao. Mimi nimeguswa na jinsi watu wazima walivyohangaika ili watoto wasiikose licha ya korona.

Septemba, CDC, taasisi ya serikali ya Marekani inayoshughulikia maradhi, ilisema kugonga milango na kupokea mkononi ni hatari kubwa. Haikuishia kwenye katazo. Nawa mikono, ikasema, funga peremende kwenye vifurushi, vipange ukingoni mwa ua, kila mtoto aokote chake, na familia zikae futi 6 mbalimbali. Ikaonya pia kwamba kinyago cha sherehe si barakoa, na kwamba kuvivaa vyote kwa pamoja kunaweza kumbana mtoto pumzi. Kule Cincinnati baba mmoja alichukua bomba la kadibodi, akalipaka rangi ya chungwa, akalifunga kwenye reli ya ngazi za mlangoni: peremende inatumbukizwa juu, mtoto anakinga chini. Mtaani kwetu, ambako mtu huweza kumaliza mwaka bila kujua jina la jirani, walitoa meza nje wakakaa baridini na makoti yao, wakiwapungia watoto wasiowajua.

Nyumbani je? Mei mwaka huu Mji wa Kale wa Mombasa ulifungwa kwa ajili ya korona, hakuna kuingia wala kutoka, na Idi ikaukuta umefungwa. Kwetu siku hiyo mtoto huvaa nguo mpya akazunguka kwa jamaa na majirani kupokea mkono wa Idi, yaani vijisenti vya sikukuu. Safari hii mashangazi wa Kisauni hawakufikika, na wapwa zangu walishinda ndani na nguo zao mpya. Kufungwa kwa mji silalamikii, ugonjwa ulikuwa unaua. Kinachoniuma ni kwamba katika simu zote za siku zile tulizungumza swala, biashara na mazishi, lakini sikumsikia mtu akiuliza: na watoto tuwafanyie nini?

Sisi tuna uwezo kuliko hawa wa Ohio. Nyumba zetu zina baraza za mawe nje ya mlango. Meza imeshajengwa tangu enzi za mababu. Idi ijayo ni katikati ya Mei 2021, na sidhani korona itakuwa imekwisha. Tuweke bahasha za shilingi 20 barazani, na ndoo ya maji na sabuni kando. Vichochoro ni vyembamba, kwa hiyo watoto wapite upande mmoja, mtaa kwa zamu, saa zitangazwe misikitini. Bibi abaki dirishani, awaone na awaombee dua kutoka huko huko.

Dada yangu amekubali baraza ya nyumba yetu iwe ya kwanza. Pesa za bahasha nitatuma mimi. Jamaa wa Mji wa Kale mlioko ng'ambo, semeni na nyumbani mapema.