Antigua ndani ya Mansfield Park: dhamira iliyomo au ya kupachika?

Tasnifu nyingi za uzamili katika fasihi ya Kiingereza huwa na kichwa cha aina moja: dhamira fulani katika riwaya fulani. Ubishi huanza pale dhamira yenyewe inapogusiwa kitabuni kwa nadra. Mfano unaobishaniwa hadi leo ni utumwa katika Mansfield Park, riwaya ya Jane Austen iliyotoka mwaka 1814. Sir Thomas Bertram, mwenye nyumba ya Mansfield Park, ana shamba Antigua, kisiwa cha Karibi kilichokuwa koloni la Uingereza; mambo yanaharibika huko, anavuka bahari kwenda kuyanyoosha, kisha anarudi Uingereza. Katika sura zote 48, kisiwa hicho hakitajwi hata mara kumi.

Mhakiki Edward Said, katika kitabu chake Culture and Imperialism (1993), alisema mistari hiyo michache inatosha: utulivu wa nyumba ya Bertram unagharimiwa na kazi ya watumwa ng'ambo. Waliompinga hawakukaa upande mmoja. Wapo walioona amekitwika kitabu mzigo usio wake. Mhakiki mwingine, Susan Fraiman, mwaka 1995, alimbana kutoka upande mwingine: kwamba amempa Austen uswahiba na himaya, na kupuuza jinsi riwaya inavyokosoa mamlaka ya Sir Thomas, hasa kwa wanawake wa nyumba hiyo.

Hoja ya kundi la kwanza si dhaifu kama wanafunzi wengi wanavyodhani. Mhamishe Sir Thomas kutoka Antigua, mpeleke popote palipo mbali. Vijana bado watabaki bila mkubwa, wataandaa mchezo wa kuigiza katika chumba cha biliadi, naye atatokea ghafla na kuuvunja. Msuko unahitaji baba asiwepo, basi. Mtahini makini atauliza hilo dakika za mwanzo za utetezi.

Jibu limo katika sura ya 3, ambayo wengi huipita mbio kuikimbilia ya 21. Hapo tunaambiwa kwamba hasara za Antigua, pamoja na ubadhirifu wa mwanawe mkubwa, zinamfanya Sir Thomas aone si vibaya kumhamishia Fanny, mpwa wa mkewe anayelelewa hapo, kwa Bi Norris, dada wa mkewe, ili apunguze gharama za kumtunza. Yaani mapato ya shamba la watumwa yakiyumba, makazi ya mhusika mkuu nayo yanatikisika. Huo ni ushahidi wa kimsuko, na hauhitaji nadharia yoyote kuuona.

Sura ya 21 inataka uangalifu zaidi. Fanny anamkumbusha binamu yake Edmund kwamba jana yake usiku alimuuliza mjomba kuhusu biashara ya watumwa, kukawa kimya kabisa. Tasnifu nyingi hunukuu kimya hicho na kuishia hapo, kama kwamba Sir Thomas amefedheheka. Endelea kusoma. Edmund amekwisha kusema mjomba angefurahi kuulizwa zaidi. Fanny naye anaeleza kwamba binamu zake walikaa bila neno wala hamu, akaogopa kuonekana anajikweza mbele yao. Kimya kinachotajwa waziwazi ni cha mabinti. Alichojibu mjomba hatukisikii, na pengo hilo ndilo la kuchambua. Ila huwezi kulijaza kwa dhamiri inayosutwa halafu ukaliita ushahidi.

Tarehe nazo huangusha watu. Sheria ya Uingereza ya 1807 ilipiga marufuku biashara ya watumwa. Utumwa wenyewe uliendelea kisheria katika visiwa hivyo hadi 1834. Msomaji wa kwetu anaijua tofauti hii kupitia Zanzibar, 1873 na 1897. Fanny anauliza kuhusu biashara, kwa hiyo anayeandika kwamba Sir Thomas anamiliki watumwa kinyume cha sheria amekosea.

Kuna pia mtego wa kompyuta. Ukitafuta “plantation” (shamba kubwa, lakini pia miti iliyopandwa) katika nakala ya kidijitali, utaletewa miti iliyopandwa kwa kasisi ili kuficha uwanja wa makaburi, sura ya 6. Soma aya nzima kabla ya kuhesabu. Unaponukuu, taja toleo: baadhi ya matoleo hugawa riwaya katika juzuu tatu, na sura ya 21 huwa ya 3 katika juzuu la pili. Filamu ya 1999 iliyotokana na riwaya hii ina michoro ya mateso ya watumwa ambayo haimo kitabuni. Na barua ya Januari 1813, ambamo Austen anasema kwa utani aliwahi kumpenda Clarkson, mwandishi aliyepinga biashara ya watumwa, inatuambia kuhusu Austen. Kuhusu Sir Thomas haituambii kitu.

Kwa maoni yangu Said ana haki kuuliza, na wapinzani wake wana haki kudai kipimo. Palipovunjika si dhamira bali ukubwa wa kichwa. Vifungu vichache hivi vinabeba sura moja nzuri ya tasnifu; ukivivuta vijaze kazi nzima, utaishia kurudia nadharia kwa maneno mapya. Afadhali kuviweka kando ya Jane Eyre (1847), riwaya ya Charlotte Brontë, ambamo bwana tajiri Rochester anaoa Jamaica kwa mahari ya pauni 30,000 kutoka upande wa bibi harusi, kisha anamfungia mke huyo ghorofani Uingereza. Hapo koloni limeingia ndani ya nyumba, lina sauti na linachoma moto. Swali la utafiti linakuwa kwa nini riwaya moja inaiacha mali ng'ambo na nyingine inaileta hadi darini, na swali hilo linajibika kwa kurasa za vitabu vyenyewe.