“Nyamaza Kwanza, Utamwita Baadaye”

Huo ndio ushauri anaopewa mtu aliyefunga ndoa huku ombi lake la ukaazi wa kudumu wa Kanada bado linashughulikiwa. Wanaoutoa mara nyingi wameshafika huko, na nia yao ni njema. Tena una mvuto: kumwingiza mke au mume kwenye faili maana yake ni fomu zake, cheti cha ndoa, ada, hati za polisi, vipimo vya afya. Mtu kasubiri mpaka kachoka, nani anataka foleni irefuke?

Mimi nasema ni ushauri wa kuwatenganisha watu. Kanuni za uhamiaji za Kanada za 2002, kifungu 117(9)(d), zinamzuia mwanafamilia ambaye hukumtaja, na hivyo hakukaguliwa wakati wa ombi lako, asije akadhaminiwa na wewe kama familia. Zuio hilo halina tarehe ya kuisha. Ndoa yaweza kuwa ya kweli kabisa, watoto wakafika watatu, jibu likawa lile lile. Na wewe uliyeficha unaweza kutiwa hatiani na idara ya uhamiaji kwa udanganyifu na kuzuiwa kuingia Kanada kwa miaka 5.

Wengine hujitetea: “Lakini haendi nami!” Kutosafiri naye si sababu ya kutomtaja. Fomu zina nafasi ya mwanafamilia asiyeambatana na mwombaji, na huyo naye hupimwa afya ijapokuwa anabaki alipo. Akishakaguliwa, unaweza kumdhamini siku za mbele. Wala wajibu huu hauishi viza ikitoka. Aliyefunga ndoa Jumamosi akiwa na tiketi ya Jumatatu anatakiwa aitaarifu idara ya uhamiaji kabla hajaondoka. Akifika, afisa atamuuliza kama hali yake ya ndoa imebadilika. “Hapana” moja tu ya haraka haraka, basi, umeshaficha. (Na msiokuwa na cheti msijifiche: mkishaishi pamoja kinyumba mwaka mzima, mnahesabiwa wenzi.)

Nakubali wapo wanaobanwa kwelikweli. Katika Express Entry, mfumo wa Kanada wa kuwachagua kwa pointi wanaoomba kwa ujuzi wa kazi, sehemu ya msingi ina hadi pointi 500 kwa asiye na mwenzi. Anayeambatana na mwenzi anabaki na 460, na 40 nyingine zinategemea elimu, lugha na uzoefu wa kazi nchini Kanada wa huyo mwenzi. Aliyepita kwa alama za kuponea chupuchupu anaweza kuoa akajikuta chini ya mstari. Huyo apige hesabu upya kabla hajapanga tarehe ya harusi, si baada ya kula pilau.

Kanuni yenyewe naiona kali mno. Kutaka kuijua familia nzima tangu mwanzo, sawa. Lakini kosa la fomu moja kumfuata mtu maisha yake yote? Serikali yenyewe ilianza kulegeza mwaka 2019, ila kwa makundi machache, kama wakimbizi na waliodhaminiwa wakiwa wenzi au watoto. Aliyeingia kwa ujuzi wa kazi hakuhesabiwa.

Kwa hiyo cheti cha ndoa kikitoka, kipige picha siku hiyo hiyo. Tuma taarifa kupitia akaunti yako au fomu ya mtandaoni ya idara ya uhamiaji, andika namba ya faili, eleza kama mwenzi wako ataambatana nawe au la, kisha hifadhi uthibitisho kwamba umetuma.